Wangila Alijua Kupiga, Lakini Nani Alijua pa Kumweka?

Jioni moja nilipokuwa nikipita katika soko la Muthurwa kuelekea kituo cha matatu, mama mmoja auzaye nguo za mitumba alinisimamisha. Kifungua mimba wake nilimfunza Kiswahili miaka mingi iliyopita, na tangu hapo hanipiti bila ya kunijulia hali. Safari hii hakuwa na uchangamfu wake wa kawaida. Aliweka kando rundo la mashati aliyokuwa akiyakunja, akanieleza habari ya kitinda mimba wake, kijana wa miaka 15 aliye katika Gredi ya 9, ambaye kila jioni hukimbilia mazoezi ya ndondi katika ukumbi wa mtaa. Wakufunzi wanamsifu mno. Wanasema ana mkono mzito usiolingana na umri wake. Kijana naye amekwisha kukata shauri: atakapoingia sekondari ya juu hataki kusikia habari za maabara wala za biashara; atafuata njia ya sanaa na sayansi ya michezo. Mama huyo alitaka jambo moja tu kutoka kwangu. Alitaka nimwambie, mimi niliye mwalimu, iwapo ngumi yaweza kumpa mtu pa kukaa maishani.

Nilimjibu upesi upesi, kama tulivyozoea sisi walimu tunapoulizwa maswali yanayotuzidi kimo. Nilimwambia kwamba kipaji ni mali, kwamba dunia imebadilika, kwamba asimzuie mtoto. Alinitazama kwa upole, akanishukuru, akarudia mashati yake. Nilipoketi ndani ya matatu niliona haya. Mama aliniuliza kuhusu mahali, nami nilimjibu kuhusu kipaji. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na tofauti iliyo baina yake imewahi kugharimu maisha ya mtu ambaye sifa zake zilienea dunia nzima. Mtu huyo ni Robert Napunyi Wangila, naye ndiye ninayetaka kumsimulia leo, hasa kwa ajili ya walimu wenzangu na wanafunzi ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa alipoaga dunia.

Kabla ya kumfikia Wangila, naomba msomaji aniruhusu nipige kona kidogo, nipitie Marekani. Kuna mchezo unaopendwa sana huko uitwao besiboli. Mchezaji husimama na gongo mkononi, akarushiwa mpira mgumu kwa kasi ya kutisha, naye akatakiwa kuupiga. Wenye jicho na mkono wa kazi hiyo ni wachache mno, na timu ikimpata kijana wa namna hiyo hufurahi kama mchimba madini aliyeona chembe ya dhahabu. Hata hivyo, furaha hiyo huja pamoja na taabu. Timu hupokezana zamu. Wapinzani wanapopiga, yule kijana kwa kawaida hutakiwa kutoka aende asimame mahali fulani uwanjani, adake na kuirusha mipira. Je, asimame wapi? Akiwekwa mahali pasipomfaa, ataiangusha timu kwa mikono yake mwenyewe, au ataumia, au atachoka hata gongo lenyewe limshinde. Ndiyo maana wakufunzi wa mchezo huo hukesha wakijadiliana juu ya kijana mmoja tu. Hawaulizi kama anajua kupiga, kwa kuwa hilo limekwisha kuonekana. Wanauliza watamsimamisha wapi kwa miaka 10 ijayo.

Mfano mashuhuri kupita yote ni wa Babe Ruth, aliyezaliwa mwaka 1895. Alipoingia timu ya Boston mwaka 1914 aliingia kama mrushaji wa mpira, na alikuwa mrushaji hodari. Lakini mrushaji hutumia bega lake kwa nguvu nyingi hata hulazimika kupumzika siku kadhaa kati ya mechi moja na nyingine, ilhali Ruth alikuwa akipiga mpira kuliko wote waliocheza kila siku. Kuanzia mwaka 1918 viongozi wa timu walianza kumsogeza, wakampeleka nyuma kabisa ya uwanja ambako angeweza kucheza kila siku bila ya kuliumiza bega. Mwaka 1919 alipiga mipira 29 ikatoka nje ya uwanja. Aliuzwa New York, na mwaka 1927 akafikisha 60. Alipostaafu mwaka 1935 alikuwa amefikisha 714. Mkono ulikuwa wake, ndiyo. Lakini kulikuwa na watu wazima walioketi wakafikiri mkono ule usimamishwe wapi. Bila ya fikira ile, huenda tungalimkumbuka kama mrushaji mzuri wa zamani, tukaishia hapo.

Sasa turudi nyumbani.

Robert Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba mwaka 1967, miaka mitatu na ushei baada ya bendera ya mkoloni kuteremshwa. Mji aliokulia ulikuwa na desturi yake ya ndondi, na desturi hiyo ilikuwa na makao katika mitaa ya Mashariki ya jiji: Muthurwa, Makongeni, Kaloleni, Shauri Moyo, Pumwani, Jericho na mingineyo. Hii ilikuwa mitaa ya wafanyakazi. Muthurwa yenyewe ilijengwa na shirika la reli enzi za ukoloni kwa ajili ya vibarua na makarani wake Waafrika, vyumba vilivyopangwa safu kwa safu karibu na njia za garimoshi. Katika mitaa hiyo palikuwa na kumbi za jamii, na katika kumbi hizo palikuwa na mfuko wa kupigia ngumi, kamba ya kurukia, jozi chache za glovu zilizochakaa na mkufunzi aliyetoka kazini jioni akaja kufunza bila ya malipo. Kijana maskini hakuhitaji zaidi ya hayo ili aanze.

Yafaa wanafunzi wafahamu pia jinsi kijana wa aina hiyo alivyoishi. Ndondi za Olimpiki siku hizo zilikuwa za ridhaa, yaani bondia hakuruhusiwa kulipwa kwa kupigana. Basi alikula nini? Alikula mshahara wa kazi. Jeshi, Polisi, Magereza, Reli, Posta na kampuni kubwa kubwa zilikuwa na timu, na kijana aliyeonyesha ustadi aliajiriwa humo, akawa karani, askari au mfanyakazi wa karakana mchana, na bondia jioni. Utaratibu huo haukuwa na utajiri, lakini ulikuwa na jambo moja kubwa. Mkono uliochoka ulikuwa na kiti cha kukalia. Bondia aliyestaafu akiwa na miaka 30 aliamka kesho yake akaenda kazini kama kawaida.

Kutokana na mpango huo Kenya ilipata heshima kubwa ulingoni. Mwaka 1968 kule Mexico, Philip Waruinge alitwaa nishani ya shaba pamoja na kombe la bondia mwenye ufundi kuliko wote wa michezo hiyo, na miaka minne baadaye kule Munich akatwaa fedha. Mwaka 1978, Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa kule Belgrade. Lakini Kenya haikushiriki Olimpiki ya mwaka 1976 wala ya mwaka 1980, kwa sababu za kisiasa, na kwa hivyo kizazi kizima cha mabondia kilizeeka bila ya kuuona ulingo ule. Mwaka 1984 kule Los Angeles, Ibrahim Bilali alirudi na shaba. Dhahabu ilikuwa bado ni ndoto.

Wangila alichipuka katika wakati huo wa kiu. Alipigana katika uzani wa welta, ambao mwisho wake ulikuwa kilo 67. Hakuwa bondia wa kucheza mbali akihesabu pointi kidogo kidogo kama mchuuzi ahesabuye senti. Alikuwa mpigaji. Alisonga mbele, akapunguza nafasi baina yake na mpinzani, kisha akaachilia ngumi zenye uzito wa kumaliza kazi. Mwaka 1987 Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika, mabondia wa Kenya walitamba mbele ya watu wao, na Wangila alikuwa miongoni mwa waliovishwa dhahabu. Alikuwa hajatimiza miaka 20.

Mwaka uliofuata timu ilisafiri hadi Seoul, Korea Kusini. Wakenya wengi wa rika langu huikumbuka Olimpiki hiyo kwa sababu ya wanariadha: Paul Ereng katika mita 800, Peter Rono katika mita 1,500, John Ngugi katika mita 5,000 na Julius Kariuki katika mbio za kuruka viunzi na maji. Hizo ni dhahabu nne. Ya tano ilitoka ulingoni. Katika fainali Wangila alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, kijana mrefu mwenye ufundi mwingi, na katika raundi ya pili akamwangusha kwa nokauti. Msomaji azingatie kwamba michezo hiyo hiyo iliingia doa kwa uamuzi wa majaji uliomnyima Mmarekani Roy Jones dhahabu ambayo wengi waliona ni yake. Wangila hakuwaachia majaji kazi. Alimaliza mwenyewe.

Uzito wa tukio hilo hupimwa kwa yaliyokuja baadaye. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Na tangu yeye na mwenzake Chris Sande, aliyepata shaba mwaka huo huo, hakuna bondia wa Kenya aliyerudi na nishani ya Olimpiki ya rangi yoyote. Wangila alisimama peke yake juu ya jukwaa lile akiwa na miaka 21, na mpaka sasa yuko peke yake.

Hapo ndipo swali la yule mama wa Muthurwa linapoingia. Tumepata kijana wa miaka 21 mwenye mkono ambao dunia nzima imeushuhudia. Tumemwimbia, tumempungia bendera. Je, tumsimamishe wapi kwa miaka 10 ijayo?

Sina nia ya kumlaumu mtu mmoja wala ofisi moja. Nawaza tu juu ya njia zilizokuwa mbele yake. Njia ya kwanza ilikuwa kubaki katika ridhaa, aishi kwa mshahara wa kazi na kungoja Olimpiki ya mwaka 1992. Lakini huyu alikuwa amekwisha kufika kileleni. Ukimwambia mtu aliyefika kilele cha Mlima Kenya arudi chini apande tena kwa nauli ile ile, hatakuelewa. Njia ya pili ilikuwa kumfanya mwalimu wa ndondi: kumpa elimu ya ukufunzi, kumpa ukumbi, kumpa vijana wa kurithi mkono wake. Njia hiyo ilihitaji mtu wa kuibuni, maana haikuwapo tayari. Njia ya tatu ilikuwa ndondi za kulipwa ng'ambo. Hiyo ilikuwapo tayari, ilikuwa na pesa, na ilikuwa inabisha hodi. Mwaka 1989 Wangila aliingia katika ndondi za kulipwa kule Marekani.

Ni mtu gani angemkataza? Mabondia kadhaa waliokuwa naye Seoul walielekea huko huko na wakatajirika. Lennox Lewis, Riddick Bowe, Ray Mercer na Roy Jones wote walitoka katika Olimpiki ile, na wote wakawa mabingwa wa dunia. Kwa hiyo uamuzi wa Wangila haukuwa wa kipumbavu hata kidogo. Alikuwa mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyekwenda kuuza kitu alichokuwa nacho mahali palipokuwa na soko.

Lakini tutazame tofauti. Ndondi za ridhaa siku hizo zilikuwa raundi tatu za dakika tatu tatu, na bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa. Ndondi za kulipwa zaweza kufika raundi 10 au 12, kichwa kikiwa wazi na glovu zikiwa na hesabu nyingine. Mpigaji aliyezoea kummaliza mpinzani mapema hukutana huko na watu waliofunzwa kumeza ngumi za mwanzo ili wazirudishe baadaye. Anahitaji mkufunzi wa kumbadilisha taratibu, meneja wa kumchagulia wapinzani kwa busara, na watu wa karibu wenye uwezo wa kumwambia imetosha. Wale mabingwa wenzake wa Seoul walikuwa na makampuni ya kuwaandalia mapambano na televisheni nyuma yao. Mwana wa Nairobi alikuwa mgeni katika nchi ya watu. Kwa jumla alipanda ulingoni mara 27 katika ndondi za kulipwa, akashinda mara 22, nyingi kati ya hizo kwa kumwangusha mpinzani, na akashindwa mara tano. Hiyo si rekodi ya mtu dhaifu. Ni rekodi ya mtu aliyekuwa karibu na mlango, asifunguliwe, asiondoke.

Tarehe 22 Julai mwaka 1994, katika jiji la Las Vegas, Wangila alipigana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa mwamuzi aliona yatosha, akalisimamisha pambano. Wangila alilalamika. Aliamini kwamba bado anaweza. Alishuka ulingoni kwa miguu yake, akaingia katika chumba cha kubadilishia nguo, na humo akapoteza fahamu. Damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa, na damu ikivuja baina ya fuvu na ubongo haina pa kwenda. Huuminya ubongo wenyewe. Madaktari walimpasua ili kuiondoa. Hakuamka. Aliaga dunia tarehe 24 Julai, akiwa na miaka 26.

Katika jiji hilo hilo, mwaka 1982, bondia wa Korea Kusini Kim Duk-koo alikuwa amepigwa hata akafa siku chache baadaye, na kifo chake ndicho kilichofanya mapambano ya ubingwa wa dunia yapunguzwe kutoka raundi 15 hadi 12. Hatari ilikuwa ikijulikana. Sheria zilikuwa zimekwisha kurekebishwa mara moja. Na mwamuzi wa pambano la Wangila alitimiza wajibu wake, alisimamisha. Ndiyo maana nasema kwamba kisa hiki hakina mhalifu wa kumnyoshea kidole. Kina mtu aliyekuwa amesimama mahali fulani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine.

Mwili wake ulirudishwa Nairobi, na hata hapo safari haikwisha. Alikuwa amesilimu wakati wa uhai wake, na mabishano juu ya azikwe kwa dini gani yalifika mahakamani. Hatimaye alizikwa kwa taratibu za Kiislamu katika jiji alimozaliwa. Mimi hulitafakari sana jambo hili. Mtu aliyeinua bendera ya nchi juu kuliko bondia mwingine yeyote wa Kenya aligombewa pa kulazwa, baada ya kukosa pa kusimama.

Na yule Mfaransa aliyeangushwa je? Laurent Boudouani alirudi kwao na nishani ya fedha na jeraha la kupigwa nokauti mbele ya dunia. Naye pia aliingia katika ndondi za kulipwa. Lakini aliendelea akiwa kwao, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, akasogea uzani wa juu zaidi uliomfaa mwili wake mrefu, na mwaka 1996, miaka minane baada ya Seoul na miaka miwili baada ya kifo cha Wangila, akawa bingwa wa dunia. Alilishika taji hilo hadi mwaka 1999. Siku ile ya fainali, ngumi ya Wangila ilikuwa bora kuliko yake. Hilo halina ubishi. Aliyepigwa alidumu, aliyepiga hakudumu. Mwanafunzi anayetaka kujua maana ya nafasi katika maisha ya mtu mwenye kipawa, na awaweke watu hawa wawili bega kwa bega, awatazame.

Najua kuna watakaosema kwamba haya ni ya zamani. Kwa hakika mengi yamebadilika tangu mwaka 1994. Kenya ina Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, ambayo ilianzisha chuo cha taifa cha kukuza vipaji. Mtaala wa umilisi umeipa michezo njia yake rasmi katika sekondari ya juu, ikawa sawa na sayansi na sawa na masomo ya jamii. Hayo ni maendeleo, nami nayashangilia. Lakini tujihadhari. Mtaala humfikisha kijana hadi Gredi ya 12. Haumwambii atakuwa wapi akiwa na miaka 26. Na ule mpango wa kale wa kazi mchana na ndondi jioni umedhoofika sana. Majeshi na Polisi bado huwaajiri wanamichezo, lakini mashirika mengi ya umma yaliyokuwa na timu yalipunguza wafanyakazi katika miaka ya 1990. Reli yenyewe ilikabidhiwa kampuni binafsi mwaka 2006. Hapa Muthurwa, nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa reli ziliingia katika mgogoro; mwaka 2010 wakazi walianza kubomolewa na kufurushwa, wakaenda mahakamani, na hukumu ya mwaka 2013 ikatamka kwamba haki yao ya makao ilikuwa imekiukwa. Kazi ilipokwenda, nyumba nayo ikatikisika. Kijana wa leo anapiga mfuko wa ngumi katika mtaa ambao wazazi wake wenyewe hawakuwa na hakika ya kuendelea kuishi humo.

Basi walimu wenzangu, tunapomwona kijana mwenye mkono, mguu au sauti isiyo ya kawaida, tusifanye kama nilivyofanya mimi sokoni. Kumwambia kwamba kipaji ni mali ni kumwambia jambo analolijua. Kazi yetu ni ile ya wakufunzi wa Boston walioketi na kuuliza: kijana huyu asimame wapi? Mpiga ngumi anaweza kuwa bondia kwa miaka 10. Lakini anaweza kuwa mkufunzi kwa miaka 30, mwamuzi kwa miaka 20, mwalimu wa michezo hadi kustaafu, au mtaalamu wa kutibu viungo vya wanamichezo. Kazi hizi zote zinadai elimu: baiolojia ya mwili, hesabu, lugha ya kusomea mkataba kabla ya kuutia sahihi. Anayedhani kwamba njia ya michezo ni ya waliokimbia vitabu amewakosea wanafunzi, na amewakosea wakati ambapo hawawezi kujitetea.

Nanyi wanafunzi, msimwonee Wangila huruma tu. Mhusuduni kwanza. Alifanya kazi yake kwa ukamilifu ambao wengi wetu hatutaukaribia katika jambo lolote. Kisha jiulizeni ni nani aliyekaa naye mezani baada ya Seoul na karatasi na kalamu, wakaandika miaka 10 iliyokuwa mbele. Ikiwa hamna mtu wa namna hiyo katika maisha yenu, mtafuteni sasa, mkiwa bado mna wakati.

Nilirudi Muthurwa wiki moja baadaye. Mama alikuwa pale pale, mashati yale yale au mfano wake. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la kwanza, nikamsimulia habari za Wangila kama nilivyowasimulia ninyi, bila ya kuficha mwisho wake. Nilimwambia amwache kijana afuate njia aliyoichagua, lakini mimi na yeye na mkufunzi wake tukutane kabla ya fomu za uchaguzi kujazwa, na kijana mwenyewe awepo. Alikubali. Akaniuliza tutaanza kuzungumza kuhusu nini. Nilimjibu kwamba tutaanza na hesabu rahisi: kijana ana miaka 15, na baada ya miaka 11 atakuwa na umri aliokuwa nao Wangila usiku ule wa Las Vegas. Tutamwuliza kila mmoja mezani, tukianza na mimi, siku hiyo ikifika kijana huyu atakuwa amesimama wapi, na ni nani atakayekuwa amemwandalia mahali hapo.